Ugomvi wa watoto uwanjani: nirekodi vipi?

Wakuu, nachunguza ugomvi wa watoto 40 wa darasa la pili, shule moja hapa Moshi, mapumziko ya dakika 30. Niandike kila ninachoona?

— Hapana. Utanasa wenye kelele tu. Anayefinywa kimyakimya nyuma ya darasa atakupita. Panga majina kwa kura, mfuate mmoja dakika 5, kisha anayefuata.

— Na neno "ugomvi" liondoe kwenye fomu. Andika kinachoonekana: kusukuma kwa mikono miwili, kuvuta shati, kunyang'anya mpira. Wakisukumana huku wanacheka, huo mchezo. Upe safu yake.

— Muwe wawili, bila kuchunguliana fomu. Kapa ya Cohen (kipimo cha jinsi fomu zenu mbili zinavyokubaliana, ukiondoa kulingana kwa bahati tu) ikishuka chini ya 0.6, rekebisheni maelezo ya vitendo kwanza. Siku za mwanzo msizihesabu, watoto watakuwa wanawakodolea macho.