Mrejesho: Lima hadi Cusco, nchini Peru, kwa barabara

Ndugu zangu, niliuliza kama ni heri kuruka moja kwa moja hadi Cusco, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, au kupanda taratibu kwa basi pamoja na mwongozaji. Nawashukuru mlioshauri basi. Arequipa, yenye mita 2,300 hivi na majengo ya mawe meupe ya volkano, iliupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi, ingawa kule Patapampa, njia ya mlimani yenye mita 4,900, vichwa vilituuma hata baada ya chai ya majani ya koka, inayonywewa huko kupunguza maumivu ya mwinuko. Mjini Cusco, msiipitie haraka Qorikancha, hekalu la jua la Wainka, wenyeji waliotawala kabla ya Wahispania: tetemeko la 1950 liliharibu vibaya majengo ya Wahispania yaliyojengwa juu yake, lakini kuta za Wainka zilizo chini, zilizopangwa bila chokaa, zilibaki imara. Mwombeni mwongozaji awape saa nzima hapo.