Naomba ushauri: Peugeot 404 pikapu, niiweke injini ya Hiace?

Wazee habari zenu, niko hapa Jinja, nimepata bodi ya Peugeot 404 pikapu, kebini iko safi ila sakafu upande wa dereva kutu imekula mpaka unaona ardhi. Hii gari naipenda sana jamani, ndio zilibeba watu na matoke Uganda hii miaka mingi. Sasa nataka kuijenga na spea za magari yaliyokufa, injini nawaza 3L (ni jina la injini ya Toyota) dizeli ya Hiace na giaboksi yake, soko la spea la Kisekka kule Kampala zinapatikana. Shida ni kwamba ile injini ya petroli ya 404 imelala upande nyuzi 45, na 3L inasimama wima halafu ndefu, naogopa boneti haitafunga ama sampu (bakuli la oili chini ya injini) itagonga steringi reki (chuma kinachogeuza magurudumu ya mbele). Na difu ya 404 (gia za eksili ya nyuma) ni ya skrubu sio ya kraunwili, yaani gia ya duara ya kawaida, spea ni ngumu kupata, si bora nitoe eksili nzima niweke ya Hilux? Boneti sitaki kuikata kabisa. Aliyewahi kuifanya hii kazi, maunti za injini (vishikio vyake) ulichomelea wapi? Na kwa logibuku (kitabu cha usajili wa gari), kuandikisha namba mpya ya injini nianzie wapi kabla sijanunua hiyo injini?