Tunaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia: tupeane uzoefu

Mtoto wa Kamalondo
Bandugu, jambo. Likizo inakaribia na watu wengi wa Lubumbashi watapita mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia: wengine Kitwe kununua bidhaa, wengine Lusaka kwa matibabu, wenye nafasi watafika hadi Livingstone kutazama maporomoko. Shida yetu ni ukaribu. Ng'ambo wanaongea Kibemba kama kwa bibi yangu, wanakula bukari (ugali) kama sisi, basi mtu anafunga begi kama anaenda Likasi, hapahapa Kongo. Halafu anakwama kwa jambo dogo. Leteni simulizi: mmeona nini kikimkwamisha msafiri, na akatokaje?

Naanza na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Zambia wanaidai kwa sababu Kongo iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Shemeji yangu aliambiwa na wajuaji kwamba kadi yake imepita miaka kumi, alipie nyingine. Si kweli. Tangu 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, hata kama kadi yenyewe imeandikwa miaka kumi. Bebeni kadi halisi, picha ya kwenye simu haisaidii.

Mama Bidhaa
Asante baba. Mimi nasema juu ya feza. Mpakani badilisha kidogo tu, ya basi na ya kula. Zilizobaki ngoja benki au duka la kubadilishia pesa huko Chingola au Kitwe. Sisemi makambisti, wale wabadilishaji pesa wa barabarani, wote ni wezi, ila mikono yao ni myepesi. Angalia hivi: anahesabu mbele yako, sawasawa. Unasema sawa. Anaomba bunda arudie kuhesabu, "nisije nikakuibia mama", na linaporudi kwako kuna noti zimekunjwa katikati, kila moja imehesabiwa mara mbili. Ukishashika pesa usiirudishe mkononi mwake. Akitaka irudi, mpe yote, chukua dola zako, ondoka.

Na noti zenye sufuri nyingi zikatae. Kwacha iliondolewa sufuri tatu mwanzo wa 2013, kwa hiyo elfu hamsini ya zamani ni karatasi tu. Mwaka 2025 zilitoka nyingine mpya tena, zikiwemo za 200 na 500. Kabla ya kuvuka mwombe mtu aliyetoka huko akuonyeshe zilivyo.

Papa Shofa
Wenye magari, nisikilizeni. Wazambia wanaendesha kushoto, sisi Kongo kuume, hilo kila mtu analijua. Magari yetu mengi hapa Lubumbashi yana usukani wa kuume, kwa hiyo ng'ambo usukani ndio kwanza unakaa upande wake. Kichwa ndicho kinachelewa. Kwenye barabara kuu huwezi kukosea, malori ya shaba yanakuonyesha njia. Hatari iko asubuhi, unatoka kituo cha mafuta, barabara tupu, hakuna gari la kufuata: mikono inakupeleka upande wa nyumbani. Nilikuwa na kijana wangu pembeni, kazi yake kila tukitoka mahali ni kusema "kushoto, papa". Nilimdharau siku ya kwanza tu.

Kwenye mizunguko ya Kitwe na Ndola unazunguka kama mshale wa saa, na anayetoka kuume kwako ndiye anayepita kwanza. Wanaotembea kwa miguu nao waangalie kuume kabla ya kukanyaga lami.

Bima: tafuta kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Afrika Mashariki na Kusini, kabla ya kuondoka. Hiyo ni ya gari, usiichanganye na ile ya chanjo. Risiti za vituo vya kulipia barabara zitunze.

Yaya wa Katuba
Dawa jamani! Kuna syrupu za kikohozi na za mafua ambazo hapa tunanunua kama pipi, kule zinahesabiwa pamoja na dawa za kulevya: zenye kodeini, na hata zenye difenhidramini. Tuliyesafiri naye, mama mtu mzima, alishushwa kwa ajili ya chupa moja. Karatasi ya daktari alikuwa nayo, lakini ya Kifaransa, na pale hakuna aliyeisoma. Aliachiwa baadaye sana, basi limeshaondoka. Kama dawa ni ya lazima, mwombe daktari akuandikie kwa Kiingereza, na ibaki kwenye boksi lake.

Kijana wa Kampemba
Wakubwa, basi la usiku kutoka Kitwe hadi Lusaka lipo? Nataka kuokoa pesa ya hoteli.

Papa Shofa
Mwanangu, usijengee mpango hapo. Kwa sababu ya ajali, sheria ya 2016 ilikataza mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu za usiku na saa kumi na moja za alfajiri. Basi likichelewa, linaegeshwa mahali lilipofikia na mnalala vitini. Uliza dirishani linatoka saa ngapi na linatarajiwa kufika saa ngapi. Panda la asubuhi.

Mama Bidhaa
Nimesahau: laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti, nunua dukani. Ukishaipata, vibanda vya kuweka na kutoa pesa viko kila kona, hutembei na bunda mfukoni. Soketi zao nyingi ni za matundu matatu ya Kiingereza, chaja zetu haziingii. Adapta ni rahisi, ipo hata kwenye maduka madogo.

Na salamu kwanza, "mulishani mukwai", ndipo uulize bei.

Mtoto wa Kamalondo
Vizuri. Na unga wa kurudi nao?

Mama Bidhaa
Hapo baba uulize wiki hiyohiyo. Mavuno yakiwa mabaya wanafunga mahindi yasitoke, na mfuko wako unabaki kwao.