Uchawi wa tamthilia zetu hauna sharti, hauna utamu, na kila siku mchawi ni bibi kizee. Nimechoka!

Wakuu, salaam. Uzi huu una povu, asiyetaka povu apite zake.

Hivi waandishi wa filamu na tamthilia zetu nani kawadanganya kwamba uchawi ni moshi na kicheko? Jana usiku nimeangalia tamthilia moja (jina naliacha, mashabiki wake wana matusi). Bibi kavishwa kaniki, kapakwa masizi, macho yametiwa wekundu, anacheka weee mpaka unajiuliza kama mwongozaji alitoka kwenda kununua vocha. Mara pwaa! Katoweka. Katokea chumbani kwa mkwewe. Pwaa tena, mimba haipo. Kisa? Hakuna kisa. Nguvu kazipata wapi, kwa gharama gani? Kimya. Na kama anapenya kuta anavyotaka, mbona analala kwenye kibanda kinachovuja? Mwisho anakuja mtumishi wa Mungu na suti yake, anakemea, bibi anawaka moto wa kompyuta. Basi, tupige makofi.

Tuelewane. Sina ugomvi na uchawi kwenye hadithi, naupenda kuliko wengi wenu humu. Nimekua na majini, mazimwi na vibuyu vinavyosema. Kilichotufanya tung'ang'anie magoti ya bibi zetu hakikuwa nguvu za jini. Lilikuwa sharti. Binti akishaambiwa "kule njiani usigeuke nyuma", unajua fika atageuka, na unakaa roho juu kusubiri ageuke. Toa sharti, umebaki na kiinimacho.

Mchukueni Fumo Liyongo wa kule Pate. Pande la mtu, mkuki haumwingii, mshale haumwingii. Kinachomuua ni kimoja tu: sindano ya shaba, tena kitovuni. Ukishaambiwa hivyo, huwazi tena nani ana nguvu kuliko nani, unawaza nani anaijua siri. Adui zake wakamwendea mwanawe wa kumzaa, wakamrubuni kwa ahadi ya kumwoza binti wa mfalme. Mtoto akaenda kumuuliza baba: nini kinaweza kukuua? Baba alishashtuka kwamba kijana katumwa, na bado akamwambia! Mimi hapo huwa nasimama kwanza. Mtu hapigiki kwa silaha yoyote, anamalizwa na swali la mwanawe.

Halafu kifo chenyewe. Kachomwa usingizini, akaamka, akachukua upinde wake, akatoka hadi karibu na kisima, akapiga goti, akapachika mshale na kufa vilevile kauvuta. Mji mzima ukashinda na kiu, hakuna wa kusogelea kisima, wote wanadhani yu hai na kakasirika. Ikabidi wamwombe mama yake aende kumbembeleza. Hakuna moshi hapo, hakuna pwaa, na nywele zinasimama. Muhammad Kijumwa alituachia utendi wake tangu 1913. Bure kabisa, hakuna wa kudai hakimiliki, ninyi mnahangaika kuiga mazimwi ya Nollywood.

Na asije mtu hapa kuniambia watazamaji wa leo wanataka moshi tu. Mmesahau 2011? Magari yalipanga foleni ya makilomita kuelekea Samunge, Loliondo, mawaziri wamo, wenye magari ya milioni mia wamo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila mwenyewe alisema ni ndoto kutoka kwa Mungu, sio uganga, lakini tazameni masharti: kikombe kimoja cha dawa yake ya miti, shilingi 500, unywe palepale, akupe Babu (ndivyo watu walivyomwita) kwa mkono wake. Hakuna kubeba kwenye chupa ukampelekee shangazi. Watu walilala porini kwa ajili ya sharti lile. Wapo walioacha ARV zao, dawa za VVU, baada ya kikombe na wakafa, hilo sitalifunika. Ila mgonjwa aliyechoshwa na "rudi tarehe fulani" alipewa safari, foleni na jambo la kutimiza. Mwandishi asiyeona hadithi pale atafute kazi nyingine.

Sasa hasira yenyewe iko hapa. Kwa nini mchawi ni bibi kizee kila siku? Mnajua kabisa Shinyanga, Mwanza, Geita na Simiyu vikongwe wamekatwa mapanga miaka nenda rudi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale ni moshi, jamani! Mama kapika maisha yake yote kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, kwenye jiko lisilo na dirisha, mlitaka yawe meupe? Mtoto anaumwa au ng'ombe wanakufa, ramli inapigwa, jina la bibi linatoka, na mara nyingi kuna shamba ambalo mtu analimezea mate. Halafu ninyi mnamchukua mwigizaji, mnampaka rangi ileile machoni, mnarusha saa tatu usiku watoto wakiwa sebuleni. Mtaani kwetu tayari kuna mama mtu mzima anayeitwa kwa jina la yule mchawi wa kwenye TV. Anauza maandazi. Siku hizi kuna watoto wanakataa kutumwa kwake.

Mkitaka mchawi, mfanyeni yule mwenye suti. Mfanyeni mjomba anayelimezea mate shamba, mpeni sharti gumu, tumwone akilivunja.

Wenye hadithi za kwao zenye masharti ya kueleweka, hasa Wapemba na watu wa Ukerewe, zimwageni hapa chini. Waandishi wetu hawalipii utafiti, waje angalau kuokota.