Tupeane uzoefu: timu ya ajaili mlianza kumchagua nani?

Wakuu, salaam. Kazini nimepewa kuunda timu ya kutengeneza mfumo wa mikopo wa saccos, na bosi anataka twende kwa ajaili, yaani kazi ifanyike kwa vipande vifupi vifupi huku tukirekebisha kadiri tunavyoenda. Mwongozo wa Skramu (mtindo mmojawapo wa ajaili) wa 2020 unasema timu iwe kwa kawaida watu 10 au pungufu: mwenye bidhaa (anayeamua mfumo ufanye nini na kipi kianze), skramu masta (anayesaidia timu ifuate utaratibu na kuondoa vikwazo), waliobaki madevelopa, yaani wanaoutengeneza mfumo. Hayo nimeyasoma. Nataka yaliyowakuta nyie.

Mzee wa Kodi: Anza na mwenye bidhaa, mkuu. Sisi tulipewa ofisa mikopo, dada mchapakazi, kazi yake anaijua nje ndani. Ila mamlaka hana. Ukimuuliza mkopaji akichelewa siku moja atozwe faini au asitozwe, "ngoja nimuulize meneja." Meneja yuko mikoani. Sprinti (kipande kimoja cha kazi) ya wiki mbili inaisha tunasubiri jibu. Kazi ilianza kwenda pale meneja alipoandika barua pepe kwamba akishasema huyu dada, imetoka. Waliobaki utawapata tu, madevelopa mjini wamejaa.

Binti wa Ukambani: Kwetu Nairobi shida ilikuwa watu wa kuazimwa. Jamaa wa hifadhidata alikuwa na miradi mingine, kikao cha asubuhi cha dakika 15 anatusimulia ya huko. Tukamrudisha kwao, tukachukua kijana aliyetoka tu attachment. Alijua kidogo lakini alikuwepo kutwa.

Kaka Mpimaji: Mnasahau mtu wa kupima. Na muiteni keshia wa saccos yenyewe kila mwisho wa sprinti. Wa kwetu ndiye aliyetuonyesha kwamba wanachama wengi hulipa kwa simu ya mume au ya mtoto, na sisi tulikuwa tunatambua malipo kwa namba ya simu ya mwanachama tu!

Mzee wa Kodi: Hiyo ya keshia nimeipenda. Halafu skramu masta asiwe yule anayejaza fomu za tathmini za wanatimu. Watu watasimama asubuhi kumpigia bosi ripoti, aliyekwama hasemi.

Mleta mada: Shukrani wakuu. Sasa hapa ndipo penye kazi: bosi anataka mwenye bidhaa awe yeye mwenyewe, na bado anasimamia matawi yote.

Binti wa Ukambani: Mwambie akupe kalenda yake ya mwezi ujao, uone timu itampata saa ngapi.

Kaka Mpimaji: Na umwombe kwa upole, mkuu. Mkopo wa gari bado unaulipa.