Mrejesho: programu yangu ya nukta nundu imekubali

Habari wakuu. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini programu yangu ya Python, ya kugeuza maandishi ya Kiingereza kuwa nukta nundu (Braille, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa), inaharibu namba. Imekubali, asanteni sana.

Mlikuwa sahihi. Nukta nundu haina tarakimu zake: 1 hadi 9 na 0 ni herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba, nukta 3, 4, 5 na 6 (kila alama ina nafasi sita za nukta, zinahesabiwa 1 hadi 6). Mimi nilikuwa naiweka kabla ya kila tarakimu, 25 ikabeba alama mbili. Sasa programu inakumbuka kama tayari imo ndani ya namba.

Jumamosi nikaenda Mbagala kwa mdogo wangu, ambaye haoni tangu utotoni. Nilitoboa sentensi iliyotoka kwenye programu kwa mkono kwenye karatasi ngumu, kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukiigeuza isomeke sawa. Kidole chake kikapita “Room 4b”, kikarudi, kikapita tena polepole.

“Kaka, chumba namba 42?”

Kumbe b ikifuata tarakimu husomeka 2! Nimeongeza alama ya herufi, nukta 5 na 6, kabla ya a hadi j zinazofuata tarakimu moja kwa moja. Kosa hilo nisingeliona kwenye skrini hata mwaka mzima.

Wanaoanza kuandika programu kama hii, w iwekeeni mstari wake peke yake (nukta 2, 4, 5, 6). Haifuati mpangilio wa herufi nyingine, kwani Louis Braille alitunga maandishi haya kwa ajili ya Kifaransa, ambacho wakati huo hakikutumia w.

Vifupisho (alama fupi badala ya neno zima au kundi la herufi) bado. Mdogo wangu ameshaniagiza ratiba yake ya mitihani, naanza nayo leo usiku.