Naombeni ushauri: sauti ya marehemu kwenye DVD ya filamu yetu

Mshika Maiki: Wakuu, habari za jioni. Mwaka 2012 tulipiga filamu Bagamoyo, mimi nikiwa upande wa sauti. Mwongozaji wetu alitangulia mbele za haki 2021. Miaka miwili kabla, nilimkalisha mbele ya televisheni, filamu inatembea, yeye anaeleza kila kipande kilivyopatikana, dakika zote 94. Familia yake imenipa baraka nitoe DVD ya kumbukumbu: ukitaka unasikiliza filamu, ukitaka unamsikiliza mzee. Je, diski moja itabeba sauti zote mbili? Na kama kuna mahali maelezo yanaleta ukakasi, naweza kukata bila kuharibu mtiririko?

Fundi Deki: Inabeba vizuri tu. DVD inaruhusu hadi njia 8 za sauti juu ya picha moja, na picha hairudiwi. Maelezo ya dakika 94 kwa kilobiti 192 kwa sekunde ni kama megabaiti 135, na diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Ila usiizime sauti ya filamu mzee akiongea. Ishushe, akinyamaza ipandishe. Haya mambo yalianza kwenye diski kubwa za leza: 1984 kampuni ya Criterion walitoa King Kong, mwanahistoria wa filamu Ronald Haver akaongea filamu nzima.

Mzee wa Kibanda: Sisi tumekulia kwa Lufufu bwana, yule wa kutafsiri filamu za nje kwa Kiswahili! Kibanda cha video cha mtaani kwetu Temeke kilikuwa na mabenchi manne, joto kama tanuri, lakini Lufufu akianza kutafsiri hakuna anayetoka hata kwenda kujisaidia. Tofauti ni kwamba yule aliwafunika wahusika, huwezi kumzima. Siku nilipoiona filamu mojawapo bila yeye nilihisi kuna mtu hajafika.

Mama Wawili: Swali la pili mmeliruka. Ukakasi gani, kaka?

Mshika Maiki: Ni dakika ya 52 tu dada. Si jambo kubwa.

Mama Wawili: Si jambo kubwa lakini limekuleta huku. Sema.

Mshika Maiki: Sawa. Kuna kipande binti analia ufukweni, watu wote wanakisifia. Kwenye maelezo mzee anasikika anakoroga chai, kijiko kinagonga glasi, halafu anasema: "Hapa haigizi. Nilimtuma kijana akamwambie mama yake kaanguka." Baadaye tulimwambia binti kwamba simu ilikosewa namba. Kijana aliyetumwa ni mimi. Nilijua ni uongo. Yeye hadi leo anaamini na mimi nilidanganywa.

Na huyo binti sasa ni mke wangu.

Kiti cha Nyuma: Duh! Mkuu andaa godoro la sebuleni.

Mama Wawili: Mlimtishia mtu kwa uhai wa mama yake mkaita kazi? Muogope Mungu.

Mshika Maiki: Nilikuwa na miaka 21, dada, mzee akisema unafanya. Nikikata nitakuwa nimemziba mdomo marehemu, na yeye alisema mwenyewe kwa hiari yake. Diski 200 nimeshalipia nusu. Isitoshe, nani anabonyeza kitufe cha kubadili sauti? Nilikuwa naelekea kuiacha ilivyo.

Fundi Deki: Kama hakuna atakayebonyeza, unaitengeneza ya nini?

Kiti cha Nyuma: Jamani hii ni chai. Nimepekua nyuzi zake. Mwaka jana alileta uzi wa mahari, akasema mchumba walikutana msibani. Leo walikutana Bagamoyo 2012. Chagua moja mkuu.

Mzee wa Kibanda: Eeeh! Nami nilishashangaa, DVD zama hizi? Chai ya rangi hiyo.

Mshika Maiki: Msiba ule ulikuwa wa huyo mzee. Baada ya Bagamoyo tulipotezana miaka tisa. Pale msibani alisimama akasema, siku ilipokuja ile simu iliyokosewa, mzee ndiye aliyemshika mkono akambembeleza mpaka akatulia. Watu wakalia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza. Kama ningetunga ningejipa nafasi nzuri zaidi ya hiyo.

Kiti cha Nyuma: Hapo nimenyamaza. Samahani mkuu.

Mama Wawili: Basi usikate, na usiichapishe kabla hajasikia. Aisikie nyumbani, kutoka kwako, kabla shoga yake hajampigia. Akikataa isitoke, haitoki, hata kama ungelipia diski elfu. Fundi, si umesema njia ni 8?

Fundi Deki: Ndiyo. Mzee ya pili, shemeji ya tatu. Akiridhia lakini, asisukumwe. Maiki unayo, na kuishika unajua.

Mshika Maiki: Hilo la njia ya tatu halikunijia kabisa. Nimempigia wa diski asimamishe, kasema ya nusu hairudi. Basi. Filamu nimeiweka dakika ya 50, nimeisimamisha. Amerudi kutoka sokoni, anauliza kwa nini nimezima feni.

Mzee wa Kibanda: Tuletee mrejesho. Na hiyo deki ni aina gani mkuu? Yangu lenzi imekufa.